Ustadi wa kichawi hupoteaje? Majibu yako kwenye mavi ya chuma

Kila Jumamosi asubuhi nakutana na vijana wanane hapa Kijitonyama, wote wanatunga hadithi za ulimwengu usiokuwepo. Mmoja wao, binti wa kidato cha tano, ameumba taifa la kale lililokuwa likifua panga zinazoimba. Upanga ukitoka alani unatoa sauti, na kwa sauti hiyo mwenye nao anajua kama aliyesimama mbele yake amekuja kwa heri au kwa shari. Katika hadithi yake imepita miaka elfu moja, panga zimebaki tatu, na duniani kote hakuna awezaye kufua wa nne.

Nikamuuliza, "Ustadi wenyewe ulipoteaje?"

"Kitabu cha siri kiliungua, mwalimu."

Wenzake wakaongeza ya kwao. Mmoja akasema mfalme katili aliwachinja wahunzi wote usiku mmoja. Mwingine akasema miungu ilikasirika, ikauchukua ujuzi wake. Ni majibu ambayo msomaji wa hadithi za namna hii ameshayakuta mara nyingi, na yote matatu yana umbo moja: tukio kubwa, la siku moja, ambalo kila mtu alilishuhudia akalia.

Swali hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Nchi hii inao ustadi wa kale uliofungwa kwa dawa, miiko na nyimbo, uliodumu kwa takriban miaka elfu mbili, ukatoweka mikononi mwa watu ambao wajukuu zao wako hai leo. Hakuna kitabu kilichoungua wala mfalme aliyeua mtu. Ustadi huo ni wa kukitoa chuma jiweni. Kwa maoni yangu, atakayeelewa jinsi huo ulivyopotea ataandika hadithi tofauti kabisa kuhusu panga zinazoimba.

Tuanze na maneno, kwa sababu mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Tukisema "mhunzi" tunamaanisha mtu yeyote mwenye nyundo, koleo na chuma chenye moto. Lakini kazi zenyewe ni mbili. Kuna kuyeyusha, yaani kuchukua mawe au mchanga wenye chuma, kuvitia tanurini pamoja na mkaa, na kutoka na kitu ambacho hakikuwepo asubuhi. Na kuna kufua, yaani kukichukua chuma kilichokwisha kupatikana na kukigonga mpaka kiwe jembe, shoka au mkuki. Kuna sehemu mtu mmoja alizifanya zote mbili. Kuna sehemu kila kazi ilikuwa na wenyewe. Ukizichanganya hizi mbili hutaona kilichopotea, maana kufua hakujapotea hata kidogo.

Jumamosi iliyofuata niliwapeleka vijana mtaa wa Gerezani. Anayeijua Dar es Salaam anaijua Gerezani kwa masikio kabla ya macho: bati linagongwa kuwa jiko la mkaa, springi ya lori inanyooshwa iwe panga. Tulisimama kwenye kibanda cha mzee mmoja aliyekuwa anafua shoka. Mivukuto yake ni rimu ya baiskeli inayozungusha feni ndogo, kijana anapiga pedali kwa mkono na moto unaitika.

"Shikamoo, mzee," binti yule akasalimia.

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani mzee, chuma hiki mnakitoa wapi?"

"Kwa watu wa skrepa."

"Na wao?"

"Kwenye magari yaliyokufa."

"Na kabla ya magari?"

Mzee akaiweka nyundo juu ya fuawe. Alifikiri kwa dhati, maana swali lilikuwa la heshima na yeye ni mtu wa kazi yake. "Kabla ya magari," akasema, "kilikuja na meli."

Hapo ndipo kumbukumbu inapokatika. Fundi ambaye mikono yake inajua joto la chuma kwa kutazama rangi tu anaamini, na ana haki ya kuamini, kwamba chuma ni kitu kinachotoka baharini. Na hili linasemwa katika jiji ambalo kusini yake, mahali panapoitwa Limbo, mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimbua mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Mnamo mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba watu wa pwani hii walichimba chuma na kukiuza, na kwamba chuma ndicho kilichowapa faida kubwa kuliko bidhaa nyingine. Aliandika pia kuwa chuma cha upande huu wa bahari kilikwenda India na huko kikafuliwa panga. Kwa hiyo zamani meli zilikuwa zinakipeleka.

Sasa tanuru lenyewe. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa bila kuelewa ugumu wa kazi huwezi kuelewa kwa nini ilihitaji uganga.

Jiwe la chuma si chuma. Ni chuma kilichoshikamana na oksijeni, ndugu wa ile kutu unayoiona kwenye bati la zamani. Kazi ya tanuru ni kuvunja ndoa hiyo. Mkaa ukiungua penye hewa isiyotosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ileile inayoua watu wanaolala na jiko chumbani. Gesi hiyo ina njaa ya oksijeni. Ikipenya katikati ya mawe yaliyopata moto mkali hulinyang'anya jiwe oksijeni yake, na chuma kinabaki peke yake, chembe kwa chembe. Wengi wanadhani chuma kinatiririka kama uji. Hapana. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na tanuru za kale hazikukusudia kufika huko. Kinachoyeyuka ni uchafu wa jiwe, kwenye joto la karibu nyuzi 1,200, na uchafu huo ndio unaoshuka chini na kuganda kuwa mavi ya chuma. Kinachobaki juu yake ni bonge lenye matundu matundu ndani, kama mkate wa kumimina. Bonge hilo hugongwa likiwa bado la moto mpaka takataka zilizojificha matunduni zitoke, ndipo mhunzi anapata cha kufua.

Ukisoma hivi, kazi inaonekana nyepesi. Lakini ukizidisha hewa, mkaa unaungua wote mpaka mwisho, ile gesi yenye njaa haipatikani, na chuma chako kinaishia kwenye mavi. Ukipunguza hewa, moto unalala. Ukitumia mkaa mwepesi, unapondeka chini ya uzito wa mawe na njia za hewa zinaziba. Mama lishe yeyote wa Dar anaujua mkaa mzito wa mti mgumu kwa kuugonga tu na kusikiliza mlio wake, na waliosimamia tanuru walikuwa na masikio hayohayo. Ukikosea udongo, ukuta unapasuka usiku wa manane. Hakuna kipimajoto, hakuna dirisha la kuchungulia. Kuna rangi ya moto, sauti ya pumzi inayoingia, harufu, na namna mavi yanavyotoka. Mkosi mmoja na nguvu ya wiki nyingi ya watu kadhaa, wachoma mkaa, wachimba mawe, wafinyanzi wa mabomba ya udongo, inakuwa jivu.

Kila mahali walilitatua fumbo hili kwa njia yao. Ufipa, kwenye nyanda za juu zilizoko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, walijenga matanuru marefu yaitwayo malungu, yenye kimo cha kama meta 3, kwa udongo wa kichuguu. Udongo huo si wa bahati nasibu: mchwa wameshauchambua na kuushikamanisha, na unavumilia moto. Ilungu halikuwa na mivukuto. Lilivuta hewa lenyewe kwa urefu wake, kama bomba la moshi linavyovuta, kupitia mabomba ya udongo yaliyopangwa chini kuzunguka kitako, na liliwaka siku kadhaa. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kilirudishwa motoni katika tanuru dogo, kintengwe, na hilo sasa lilivuviwa kwa mivukuto. Baadhi ya malungu yamesimama hadi leo, matupu. Upare Kaskazini walikusanya mchanga mweusi wenye chuma kutoka vijitoni, na chuma chao kiliwafikia wahunzi wa Uchagani. Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, walichimba shimo, wakalijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa mpaka yakawa meusi, wakajenga tanuru juu yake na kulivuvia kwa mivukuto. Majani hayo ni kaboni, na mavi yaliyoshuka juu yake yaliendelea kubadilika humohumo shimoni.

Na kila mahali palikuwa na uganga. Ufipa tanuru jipya lilitendewa kama bibi harusi, na moto ulipowashwa likawa mama, na bonge la chuma ndilo mtoto aliyetarajiwa. Kikapu cha dawa kilikuwa na mtu wake wa kukitunza, na dawa zilifukiwa chini ya tanuru kabla ya kazi. Waliolihudumia waliacha kulala na wake zao kwa siku zote za kazi, kwa kuwa walikuwa waume wa tanuru, na mume haendi nje wakati mkewe yuko kwenye uchungu. Mwanamke aliye katika siku zake hakukaribia. Kukosea masharti haya ilikuwa sawa na kukosea hewa au mkaa: tanuru litatoa mimba.

Hapa wachambuzi hugawanyika, nami sikubaliani na pande zote mbili. Wa kwanza wanasema ulikuwa ushirikina uliopakwa juu ya ufundi, kama rangi juu ya mlango, ukiikwangua unakuta mbao safi za sayansi. Wa pili, na hawa ndio wengi mtandaoni siku hizi, wanasema kila mwiko ulikuwa sayansi iliyojificha: dawa zilikuwa kemikali, marufuku ya mapenzi ilikuwa njia ya kuwaweka wafanyakazi kambini wakiwa macho. Hilo la kambi lina ukweli ndani yake. Tanuru linalowaka siku kadhaa linataka watu wasiotawanyika. Nyimbo ziliwapa wavuta mivukuto mwendo mmoja, na mwendo mmoja ni hewa isiyoyumba. Mpangilio wa dawa, nani anaanza, nini kinafuata, ulikuwa njia ya kukumbuka hatua kwa watu wasioandika. Na pale kazi iliposhindikana, mwiko uliovunjwa uliwapa sababu ya kujaribu tena badala ya kuvunja kundi na kulaumiana mpaka mwisho.

Lakini hakuna mzee aliyesimama mbele ya ilungu akasema moyoni, "Hii ni mbinu ya usimamizi." Kwake yeye jiwe lilikuwa linazaa, na uzazi una hatari zake, na hatari hizo zilihitaji mkunga. Ukimwondolea uganga ili umwachie "ufundi mtupu", huna tena sababu ya watu hao kukusanyika, kutiiana na kuvumiliana wiki nzima. Ustadi ulikuwa kitu kimoja. Ninalisisitiza hili kwa sababu linaeleza jinsi ulivyokufa.

Lakini pia sitaufanya uganga huo kuwa mzuri kuliko ulivyokuwa. Siri iliyolindwa kwa miiko ilikuwa na wachache waliostahili kuijua. Katika jamii nyingi za Afrika wanawake walichimba mawe na kubeba mkaa, halafu wakazuiwa kuuona mlango wa tanuru. Nusu ya watu walikatazwa kurithi, na waliobaki walipoondoka, hakukuwa na wa kuuliza.

Nilipowaeleza vijana habari za Buhaya, mmoja alitoa simu akanionyesha ujumbe unaozunguka: eti Wahaya walitengeneza chuma cha pua bora kuliko cha Ulaya miaka elfu mbili iliyopita, na wazungu wakaificha habari hiyo. Ujumbe huo unastahili kuchambuliwa taratibu, kwa sababu una kweli kubwa ndani yake na hauhitaji kutiwa chumvi.

Mwanaakiolojia Peter Schmidt alianza kufanya kazi Buhaya karibu na mwaka 1970, na alishirikiana baadaye na Donald Avery, mtaalamu wa metali. Mwaka 1976 wazee wa kijiji cha Nyungwe walikubali kuyeyusha chuma mbele yao. Wazee hao walikuwa wameiona au kuifanya kazi hiyo ujanani, miongo mingi nyuma. Mwaka 1978 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Science wakisema mbinu ya Wahaya ilikuwa na utata na ubora wa pekee, na kwamba mizizi yake inarudi nyuma karibu miaka elfu mbili. Walidai mabomba ya udongo yaliyoingia hadi ndani ya tanuru yaliipasha hewa moto kabla haijaufikia mkaa, jambo ambalo Ulaya lilikuja katika karne ya 19. Wataalamu wengine walipinga: hewa inapita haraka mno bombani, haina muda wa kupata joto la maana. Mjadala huo uliendelea miaka mingi, hadharani, kwenye majarida ambayo yeyote anaweza kuyasoma. Hakuna aliyeficha.

Na chuma cha pua? Chuma cha pua ni chuma chenye kaboni kidogo ndani yake, chini ya asilimia 2. Bonge la tanuru la kale huwa na sehemu laini isiyo na kaboni na sehemu ngumu iliyoinyonya, yote katika bonge moja. Tanuru la Kihaya lenye majani yale shimoni lilitoa chuma chenye kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua. Hilo ni kweli. Kulilinganisha na kiwanda kinachomimina vyuma vya reli ni kulinganisha mfinyanzi na kiwanda cha sahani, na mfinyanzi hapungukiwi kitu kwa kutokuwa kiwanda. Mimi nadhani jambo la ajabu zaidi katika habari ya mwaka 1976 ni lile ambalo ujumbe wa simu hauligusi: wazee wale walishindwa kwanza. Kila mmoja alikumbuka kipande. Vipande havikukaa pamoja mpaka walipojaribu, wakakosea, wakabishana, wakajaribu tena, na mikono ikakumbuka kile ambacho midomo haikuweza kusema.

Buhaya hukohuko kuna kisa ambacho, kama binti yetu angekitunga, ningemwambia amezidisha. Pale Katuruka wazee walisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala karne ya 17, ambaye aliwaamuru wahunzi wake wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni ili ajue kuna nini huko. Mnara ulianguka. Walionyesha mti uitwao Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia, wakasema hapo ndipo chuma cha mnara kilipofuliwa. Schmidt akachimba karibu na mti. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma kwelikweli, ila si ya karne ya 17. Yalikuwa na umri wa takriban miaka 2,000 au zaidi, ingawa tarehe za mwanzo kabisa bado zinabishaniwa. Maana yake ni kwamba watu wa mahali hapo walikumbuka kuwa palikuwa na chuma, kizazi baada ya kizazi, wakabadilisha jina la mfalme na kuongeza mnara wa kwenda mbinguni, lakini hawakuusahau mti. Hekaya ilipoteza tarehe ikatunza mahali. Kwa mwandishi wa ulimwengu wa kubuni hii ni zawadi: wazee wa hadithi yako wanaweza kuwa wamekosea kila kitu isipokuwa kitu kimoja, na hicho kimoja ndicho kitakachofukuliwa.

Basi ustadi wa kuyeyusha ulikufaje? Turudi kwenye majibu ya vijana. Tuchukue la mfalme kwanza, kwa sababu tunalo jaribio lake halisi. Ugweno, Upare Kaskazini, watawala wa kwanza walikuwa Washana, ukoo wa wahunzi. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika utafiti wake wa mwaka 1969 kuhusu Wapare, alieleza jinsi ukoo mwingine, wa Wasuya, ulivyowapindua. Enzi iliondoka kwa Washana, lakini uhunzi haukuondoka: waliendelea kujulikana kwa chuma na kuheshimiwa kwa woga. Mfalme mpya anahitaji majembe na mikuki kama yule wa zamani. Mapinduzi yanabadilisha anayekula, tanuru linabaki palepale.

Kilichoweza kulizima tanuru ni jembe la dukani. Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka hapa Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na njia yenyewe ilikuwa mistari miwili ya chuma iliyolazwa chini kuvuka nchi nzima. Juu yake yalisafiri majembe yaliyotengenezwa Ulaya kwa maelfu. Fikiria hesabu ya mkulima. Jembe la kienyeji lina ndani yake miti iliyokatwa na kuchomwa, mawe yaliyochimbwa, siku za watu kumi, dawa, miiko, na uwezekano wa kupata hasara. Jembe la dukani lina bei tu. Wakati huohuo kodi ya nyumba, iliyoanzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ilitaka fedha taslimu, na vijana waliotakiwa kuvuta mivukuto walikwenda kuitafuta kwenye mashamba ya mkonge. Misitu ikaanza kutengwa kuwa hifadhi za serikali, mkaa ukawa kosa. Wamisionari wakafundisha kwamba kikapu cha dawa ni cha shetani, na aliyebatizwa hakukaa tena kambini. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichokusudia kuua uyeyushaji, na kwa pamoja viliuondolea mkaa, watu na imani.

Mhunzi yeye hakuathirika kama mwyeyushaji. Kwake mambo yaliboreka. Jembe la Ulaya likichakaa halitupwi, linarudi kwenye fuawe na kuwa kisu. Chuma kilipatikana bila mimba wala uchungu. Nyundo ziliendelea kulia kijijini, mahari iliendelea kulipwa kwa majembe pale ilipokuwa desturi, watoto waliendelea kuona cheche jioni. Kwa macho ya mtu wa kawaida hakuna kilichobadilika. Baada ya Uhuru hata majembe tulitengeneza wenyewe hapa Ubungo, katika kiwanda cha zana za kilimo, kwa chuma kilichoyeyushwa kwingine. Ludewa mlima wa Liganga una chuma ambacho serikali moja baada ya nyingine imekitangazia mipango, na wakati ninaandika haya fundi wa Gerezani bado anasubiri gari life.

Huo ndio moyo wa jambo hili, na ndiyo sababu hakukuwa na kilio. Ustadi ulipotea wakati bidhaa yake ipo sokoni, tena kwa bei nafuu. Aliyekufa na siri hakujua kuwa yeye ndiye wa mwisho. Alidhani anapumzika msimu mmoja.

Kuna njia nyingine ya kupotea, nayo nawaachia wanaopenda panga. Chuma cha Damasko, chenye mawimbi usoni kama maji yanayotembea, kilifuliwa kwa vidonge vya chuma cha pua vilivyotoka India, na sanaa ya kukifua ilikwisha kati ya karne ya 18 na ya 19. Watu walibuni kila maelezo, hata upanga uliotoka motoni kupozwa katika mwili wa mtu. Mwaka 1998 John Verhoeven, Alfred Pendray na William Dauksch walieleza kwamba mawimbi yale yalitegemea kiasi kidogo sana cha madini kama vanadiamu yaliyokuwemo kwenye mawe ya migodi fulani. Wahunzi hawakujua kuwa yamo. Mawe yalipobadilika, mhunzi alifanya yote aliyofundishwa na baba yake, hatua kwa hatua, na mawimbi hayakutokea. Hebu fikiria uzito wa hilo: hujasahau neno hata moja, na uchawi umekwisha.

Jumamosi iliyopita binti yetu alirudi na sura mpya. Kitabu kilichoungua amekifuta. Sasa katika taifa lake kuna meli zinazoleta panga kutoka ng'ambo ya bahari, nyepesi, za bei ndogo, haziimbi lakini zinakata vizuri. Wahunzi wanazinunua zilizovunjika na kuzifua upya, kazi imekuwa rahisi, kila mtu ana furaha. Tanuru la mlimani linaachwa msimu mmoja kwa sababu vijana wamekwenda bandarini kubeba mizigo, halafu wa pili. Bibi mmoja ndiye mwenye kikapu cha dawa, na wajukuu zake hukitumia kuwekea vitunguu.

Akaniuliza, "Mwalimu, nani atakuwa wa kwanza kujua kwamba wamesahau?"

Nikamwambia afuate biashara. Siku meli zisipokuja, mtu wa skrepa atakuwa wa kwanza.